Mtoto wa mbwa anashinda peke yake: umnunulie nini hapa Mwanza?

Ukimwendea fundi wa kuchomelea ukamwambia unataka banda la mtoto wa mbwa, atakuuliza una shilingi ngapi. Ukishamjibu atauliza kama ni mbwa wa kienyeji au wa kizungu. Basi, anachomoa tepu, anapima hewani, kazi imeanza. Nimepita kwa mafundi watatu na hakuna hata mmoja aliyeniuliza natoka nyumbani saa ngapi na narudi saa ngapi. Swali hilo moja lingeniokolea karibu laki mbili.

Mimi naishi Nyegezi, kazi yangu iko mjini kati. Natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili niwahi kabla foleni ya Mkuyuni haijakaza, narudi saa kumi na moja na nusu jioni siku ikiwa njema. Hizo ni saa 11. Mke wangu naye anatoka. Mtoto wa mbwa tuliyemchukua alikuwa na wiki tisa, tukamwita Diwani kwa sababu usiku wa kwanza alihutubia mpaka alfajiri.

Watu wengi wanadhani shida ya mtoto wa mbwa anayeachwa ni upweke. Upweke upo, lakini mtoto wa mbwa analala saa 18 mpaka 20 kwa siku. Shida kubwa zaidi ni kibofu. Hesabu yake ni nyepesi: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kubana mkojo akijitahidi sana. Wa miezi miwili, saa tatu. Wa miezi minne, saa tano. Hata mbwa mzima si haki kumpitisha saa nane. Sasa mbwa kwa asili hapendi kuchafua anapolala, na tabia hiyo ndiyo unayoitegemea kumfundisha usafi. Ukimfungia mahali padogo kwa saa 11 atajikojolea alipolala, apende asipende, na akifanya hivyo wiki tatu mfululizo ile aibu inamtoka. Utakuja kuitafuta kwa miezi.

Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa ajili ya mtu anayeshinda kazini kama mimi. Wewe unayetoka saa mbili tatu kwenda sokoni na kurudi, mpangilio wako ni tofauti kidogo, na nitasema wapi.

Nafasi ya kwanza: uzio mdogo wa fremu

Ni fremu nne au sita za bomba jembamba la mraba, zimejazwa wavu mgumu wa kuchomelea, zimeungwa kwa bawaba. Unazisimamisha uani au barazani, mtoto wa mbwa anabaki ndani na nafasi ya kulala, ya kucheza na ya kujisaidia. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouweka juu ya vingine vyote.

Zangu ni fremu nne, mbili za futi 6 na mbili za futi 4, kimo futi 3. Nililipa 145,000 pamoja na ufundi, kwa fundi wa pili. Wa kwanza nilimlipa 110,000 na kazi yake ikaishia kuwa kichanja cha vyombo, na sababu ni tundu za wavu.

Fundi yule alinishauri wavu wa tundu la inchi mbili, kwamba ni imara na bei yake nafuu. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu ikaita. Ni mama jirani, anayeanika dagaa uani kwake, ukuta kwa ukuta na sisi.

"Baba, njoo. Mtoto wako amenasa kichwa."

Nilikuta amepiga magoti, kikombe cha mafuta ya kula kiko pembeni, vidole vinang'aa. Diwani kichwa chote kiko nje ya wavu, mwili uko ndani, amechoka hata kulia. Mama akamlaza sikio moja nyuma, akalibana kwa dole gumba, akamlaza la pili, kisha akamsukuma paji la uso taratibu, kidogo kidogo, kama anayerudisha uzi kwenye tundu la sindano. Kikatoka. Nyuma ya sikio la kushoto waya ulikuwa umechora mstari mwekundu wa urefu wa kucha.

"Kichwa kinapita, masikio ndiyo yanakataa kurudi," akaniambia. "Mbuzi nao wako hivyohivyo." Akafuta mikono kwenye kanga, akarudi kwa dagaa wake kabla kunguru hawajawamaliza.

Kwa hiyo, tundu liwe inchi moja, lisizidi. Usikubali wavu wa kuku, ule mwembamba wa kusokotwa: mtoto wa mbwa wa miezi minne, meno ya utoto yanamtoka na fizi zinamuwasha, ataufumua jioni moja na ncha zitamchoma mdomo. Mwambie fundi ncha zote za wavu zikatwe na kuchomelewa upande wa nje wa fremu. Kisha upitishe kiganja chako mwenyewe pande zote kabla hujatoa hela ya mwisho. Kama pamekukwaruza wewe, patamkwaruza yeye.

Kati ya fremu na sakafu pasiwe na mwanya wa kupitisha zaidi ya vidole viwili. Kwenye kona usiunge kwa kuchomelea moja kwa moja. Mwombe aweke bawaba za pini, zile unazochomoa nondo ndogo ya milimita 8 na fremu inaachana. Siku ukihama, au ukitaka kuosha sakafu, utanikumbuka. Komeo likae nje, chini kidogo ya katikati, na liwe la kusukuma lenye tundu la kufuli. Kufuli si la mbwa, ni la watoto wa mtaa wanaopenda kumbeba wakazunguka naye, na la wale ambao si watoto na hawana nia ya kumrudisha.

Kimo cha futi 3 kinatosha mpaka miezi minne au mitano. Baada ya hapo mbwa mwepesi wa miguu anakanyaga tundu za wavu kama ngazi. Kama mama yake ni mrefu, tengeneza futi 4 tangu mwanzo.

Mahali pa kuuweka pananisumbua zaidi kuwaeleza watu kuliko uzio wenyewe. Kivuli cha saa mbili asubuhi si kivuli cha saa nane mchana. Jumapili moja kaa nyumbani, weka kiti pale unapotaka kuuweka uzio, na kila saa uangalie jua limefika wapi. Mimi niligundua kwamba upande niliouona wa baridi asubuhi, karibu na jiwe kubwa nyuma ya nyumba, kuanzia saa saba unakuwa tanuri, na jiwe linaendelea kutoa joto hata jua likishazama. Wakazi wa Mabatini na Isamilo wenye nyumba juu ya mawe wanalijua hili kwa migongo yao. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema ulimi nje, na penye joto bila upepo kuhema hakumsaidii. Turubai juu ya nusu ya uzio, nusu nyingine wazi ili upepo wa ziwa upite. Usilifunge turubai pande zote.

Sakafu ya simenti ni bora kuliko udongo. Kwenye vumbi kuna funza, na funza hawachagui mguu wa mtu na wa mbwa. Udongo pia unaficha mayai ya minyoo, na hauoshiki. Kona ya mbali na anapolala niliweka trei ya mbao ya futi 2 kwa 2 yenye mchanga. Siku nne za kwanza alikuwa anaila. Ya tano akaanza kuitumia.

Usiuegemeze uzio kwenye geti la barabarani. Mbwa wa mtaani watakuja kunusana naye puani kupitia wavu, na kabla hajamaliza chanjo zake hilo ndilo unaloliogopa. Chanjo ya parvo, kirusi cha kuharisha damu kinachoua watoto wa mbwa, na za aina hiyo zinaanza wiki ya sita mpaka ya nane, zinarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa, miezi mitatu. Mpaka hapo, uzio uelekeze uani.

Na siafu. Msimu wa mvua wakiamua kupita kwako, mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Waliofuga kuku wanajua walichokikuta asubuhi. Fyeka majani kuzunguka uzio, usiuweke karibu na kichuguu wala lundo la taka, na soma hadi chini ninapoeleza habari ya mtu wa kupita kumwangalia.

Faida ambayo sikuitarajia: mjusi wa mawe. Dume lile lenye kichwa na kifua cha rangi ya waridi na mwili wa buluu, ambaye wanasayansi wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae. Kila siku saa tatu anapanda kwenye jiwe mkabala na uzio, anapiga pushapu zake, na Diwani anamkodolea macho nusu saa nzima bila kubweka. Hakuna kitu cha kuchezea nilichonunua kilichowahi kumtuliza namna ile.

Nafasi ya pili: chumba kimoja na nusu mlango

Kama umepanga na uwani ni mali ya wapangaji sita, uzio usahau. Chagua chumba kimoja chenye sakafu inayopigika deki na dirisha lenye wavu wa mbu: jiko, korido, bafu la nje kama halitumiki mchana. Usifunge mlango mzima. Mtoto wa mbwa aliyefungiwa nyuma ya mlango ataukwangua, na mwenye nyumba atakuongezea gharama kwenye kodi yako. Mtafute seremala akutengenezee nusu mlango wa plaiwudi, kimo cha futi tatu, unaokaa kwenye fremu ya mlango kwa vikato viwili vya mbao kila upande. Wetu wa kwanza, kabla ya uzio, ulitugharimu 35,000 na ulikuwa kazi ya mchana mmoja. Anaona nje, anasikia sauti za nyumba, hakwangui.

Chumba nakiweka nyuma ya uzio kwa sababu moja tu: vilivyomo. Stoo ndiyo watu wengi wanaikimbilia kwa kuwa haina kazi, na stoo ndiyo yenye sumu ya panya, mafuta ya taa, mfuko wa simenti uliopasuka, dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyoletwa kutoka kijijini. Piga magoti, tembea kwa mikono na magoti chumba kizima, na kila unachokifikia kwa mdomo kitoe. Nyaya za umeme za friji zipandishe. Utajiona mjinga. Fanya hivyohivyo.

Jambo moja la majirani. Kwenye nyumba ya kupanga mara nyingi kuna familia ya Kiislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Mtu akitoka kutawadha halafu mbwa akamlamba, inabidi apaoshe palipolambwa kabla ya kuswali. Waulize kabla hujamleta mbwa, na mkubaliane korido ni ya nani. Jirani aliyeulizwa ndiye atakayekupigia simu siku mbwa akinasa.

Nafasi ya tatu: kreti la waya

Hili ndilo lile la kukunjwa kama sanduku, lenye mlango na trei ya plastiki chini. Watu wameliona kwenye video za wazungu wakadhani ndiyo kila kitu. Kwa anayetoka saa mbili au tatu, au anayefanya kazi nyumbani, mimi ningelipandisha nafasi ya kwanza bila kubisha. Linafundisha usafi haraka kuliko kitu kingine chochote, linafaa usiku, na siku ya kwenda kwa daktari wa mifugo unalibeba kwenye bajaji. Kwa saa 11 ni kifungo.

Kipimo: awe na uwezo wa kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka mzima, na kulala amenyoosha miguu. Si zaidi. Likiwa kubwa, atalala kona moja na kujisaidia kona nyingine, na umepoteza maana yake. Yanauzwa kwa inchi za urefu: 24, 30, 36, 42. Kwa mbwa wetu wa kienyeji wengi, 36 inamtosha akiwa mkubwa, kwa hiyo nunua hiyo yenye ukuta wa kugawa katikati, uusogeze kadiri anavyokua. Kununua la 24 sasa na la 36 baada ya miezi mitatu ni kumnufaisha muuzaji.

Mapya yanaagizwa na bei inauma. La kwetu ni la mtumba, nililinunua 90,000 kwa mgeni aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. La mtumba ni zuri mradi uulize swali moja: mbwa aliyelalia humu yuko wapi? Ukijibiwa alikufa akiwa mdogo, kwa kuhara damu, liache hata kwa bure. Kirusi cha parvo kinakaa miezi mingi kwenye vitu na ardhi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haikiwezi. Kinachokiweza ni dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ya klorini, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, juu ya kitu kilichokwisha oshwa, kiache kimelowa dakika kumi. Waya na plastiki vinakubali kuoshwa hivyo. Mbao ghafi haikubali vizuri, inanyonya.

Mvue mkanda wa shingoni kila anapoingia. Kipete cha mkanda kinanasa kwenye waya, na akivuta anajinyonga mwenyewe wewe ukiwa kwenye daladala.

Halafu usimtumbukize siku ya kwanza ukafunga na kuondoka. Mlishe humo mlango ukiwa wazi siku mbili tatu. Kisha funga dakika tano ukiwa umekaa hapo, kesho kumi, keshokutwa utoke nje ya nyumba nusu saa. Kama anatoa mate mengi, anang'ata waya mpaka fizi zinatoa damu au kucha zinavunjika, huyo kreti limemshinda. Rudi kwenye chumba. Na usilifanye kuwa adhabu. Ukimrushia humo kila akikosea, hataingia tena bila vita.

Nafasi ya nne: banda la mbao la nje

Najua hapa nitagombana na watu, maana banda ndilo kila mtu analo. Lile sanduku la mbao lenye bati juu na nondo mbele, mbwa anafungiwa alfajiri, anafunguliwa saa mbili usiku kulinda. Kwa mbwa mzima nina maneno yangu, leo nayaacha. Kwa mtoto wa miezi miwili, banda lina shida tatu na zote ni za malighafi.

Ya kwanza ni bati. Bati tupu bila kitu chini yake, kwa jua la Mwanza la saa nane, weka mkono ndani uone. Kama lazima uwe na banda, liezeke kwa nyasi, au weka plaiwudi chini ya bati na uache mwanya wa vidole vinne kati yao hewa ipite.

Ya pili ni oili chafu. Mafundi wetu hupaka mbao oili iliyomwagwa kwenye injini ili mchwa wasile. Kwa uzio wa shamba sina neno. Lakini mtoto wa mbwa hutafuna kila kitu. Banda la kwanza tulilomtengenezea Diwani, mbao nzuri nyeusi zinang'aa, fundi akaniambia ni "rangi ya kuzuia wadudu". Asubuhi ya pili alikuwa anatoa povu, mdomo mweusi, anaharisha. Daktari wa mifugo alimnusa mdomo tu akacheka kwa huzuni, hakuhitaji kupima. Alipona. Banda nililirudisha, fundi akakataa kurudisha hela, akanipa kiti cha uvivu. Ninakikalia mpaka leo. Kama unaogopa mchwa, weka miguu ya banda juu ya matofali na uache mbao bila kupaka kitu ndani.

Ya tatu ni paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo. Zinapendwa kwa sababu ni rahisi kupata na mbao zake zimenyooka. Angalia muhuri uliochomwa ubavuni. Ukiona herufi HT, mbao ilitibiwa kwa joto, chukua. Ukiona MB, ilipuliziwa gesi ya kuua wadudu, iache. Isiyo na muhuri kabisa na ina madoa ya mafuta au harufu ya dawa, iache pia.

Uzuri wa banda ni mmoja: mvua. Mvua ya upepo inayotoka ziwani inaingia ubavuni, turubai halisaidii. Ndiyo maana leo ndani ya uzio wetu kuna kisanduku cha mbao cha kulala, sakafu imeinuliwa nusu futi, kimefungwa pande tatu. Hicho ndicho kipande cha banda nilichokiona cha maana.

Vinavyobaki

Tenga la kuku, kreti la soda lililofunikwa kwa jiwe, pipa lililokatwa, boksi la televisheni: kwa safari ya saa moja kutoka Kisesa, sawa. Kwa kushinda, hapana.

Mnyororo na kamba viko mwisho kabisa, chini ya kutomfuga. Mtoto wa mbwa anajizungusha kwenye mti mpaka kamba inabaki futi moja, bakuli la maji liko futi mbili. Anaruka ukuta mdogo ananing'inia. Mbwa wa mtaa akimvamia hana pa kwenda, siafu vilevile. Na mbwa anayekua akiwa amefungwa kwa mnyororo mara nyingi anakuwa mkali kwa kila anayepita, watoto wakiwa wa kwanza. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini hata bila sheria, mwangalie tu shingoni baada ya wiki.

Kitu usichokikuta dukani

Nirudi kwenye ile hesabu ya kibofu. Hata uzio mzuri kuliko wote, saa 11 bila mtu kupita ni nyingi mno kwa mtoto wa miezi miwili. Maji yakimwagika saa tatu asubuhi, anakaa bila maji mpaka jioni. Chakula anahitaji mara tatu au nne kwa siku katika umri huo, nani atampa?

Baada ya ile kesi ya kichwa nilimwendea mama jirani jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Amekula?"

"Amekula. Nilitaka kukuomba..."

"Najua unachotaka kuomba. Saa sita huwa nageuza dagaa, nitamtoa. Ila uniletee hayo mapanki, na mimi nina paka."

Tukakubaliana 2,000 kwa siku ya kazi, na mapanki juu yake, yale mabaki ya sangara ya kichwa na mifupa. Siku 22 kwa mwezi ni 44,000, kwa miezi minne ni pesa kubwa kuliko uzio wenyewe. Nayo ndiyo manunuzi ninayoyaona yalinifaa kuliko yote. Anapita saa sita, anamtoa dakika kumi akajisaidie, anampa uji wa dona na dagaa niliouacha, anabadilisha maji. Siku kaona kupe kwenye sikio, kanipigia. Siku jua lilihama kuliko kawaida, kavuta turubai. Kama huna jirani wa namna hiyo, kijana anayemaliza shule mchana anafaa, mradi umwonyeshe kwa vitendo, na umtazame mbwa anavyompokea ukiwapo. Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja tu kati ya kreti jipya na mtu wa kupita, nunua nusu mlango wa 35,000 na hela inayobaki mlipe mtu.

Vya kumwekea ndani

Bakuli la udongo, zito, lenye kitako kipana. La plastiki litakuwa kofia kabla hujafika stendi. Kitambaa cha kanga kilichokazwa fundo nene kinamtosha kutafuna. Kikianza kunyofoka nyuzi, kibadilishe. Usimpe kandambili kuukuu, maana hataelewa kwa nini ile ni halali na hii mpya ni kosa.

Gunzi la mahindi usimwachie kamwe. Watu wanamaliza kula hindi la kuchoma wanamtupia mbwa, anafurahi, anameza vipande. Halimeng'enywi, linaziba utumbo, na hapo unazungumzia upasuaji. Mapanki ya sangara yana nyama nzuri kichwani, yachemshe, chambua nyama kwa mkono, mifupa tupa mbali. Mfupa uliopikwa unavunjika vijiti vikali. Na chochote kigeni kabisa usimpe kwa mara ya kwanza asubuhi unayoondoka. Mpe Jumamosi ukiwepo.

Diwani sasa ana mwaka na miezi miwili, anashinda uani mzima akiwa huru, analala anapotaka, mara nyingi juu ya lile jiwe la mjusi jua likishapoa. Fremu tulizichomoa pini akiwa na miezi tisa. Mbili amezichukua mama jirani kuzuia kunguru kwenye dagaa, na mbili ziko nyuma ya nyumba. Wa Nyegezi mwenye mtoto wa mbwa, zenye tundu la inchi moja, komeo zima, naziuza 60,000, na zile za inchi mbili nitamwongezea bure kwa ajili ya vyombo.